Maji Juu ya Mafiga

Nchi ya Mafigani haimo kwenye ramani yoyote, na wenyeji wake hushikilia kwamba kosa ni la ramani. Fundi Pazi Mwinyikondo alifikaje huko, mwenyewe hapendi kulisema, nasi hatutamlazimisha. Inatosha kujua kwamba asubuhi moja ya manyunyu alikuwa amesimama mbele ya lango la nchi hiyo, begi la zana begani, miwani yake myeusi ya kazi ikining'inia shingoni, na karani wa lango akamuuliza maswali matatu wanayoulizwa wageni wote: jina lako nani, umekula, na unafanya kazi gani.

Jina alilitaja. Kula alikuwa hajala, na karani aliliandika jambo hilo kwa huzuni ya kweli. Swali la tatu ndilo lililoleta kasheshe.

"Nachomea," alisema Fundi Pazi.

Karani aliweka kalamu chini. "Unasemaje?"

"Nachomea. Ndiyo kazi yangu, mwaka wa thelathini na mbili huu. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma."

"Unayachoma mageti ya watu?"

"Siyachomi, ndugu yangu. Nayachomea."

"Na wenyewe wanajua?"

"Wenyewe ndio wanaoniita! Siku nyingine wanapanga foleni."

Karani akaichukua kalamu, akaandika polepole huku akitamka kila silabi: a-na-ki-ri. Kisha akapiga kengele. Akatokea sajini mmoja mnene, mpole wa uso, mwenye pua pana ambayo ilitangulia kuingia kabla yake. Hakuuliza kitu. Alimnusa mgeni begani, akamnusa kifuani, akamnusa viganja vyote viwili.

"Chuma," alisema sajini. "Harufu ya kitambaa hana. Lakini mgeni, kwa neno hilo ulilolitamka, itabidi tuongozane mpaka siku utakayoondoka. Usichukulie vibaya. Nimesikia hujala?"

Huyo ndiye Sajini Ngwali wa Kikosi cha Moshi, na Fundi Pazi anasema mpaka leo hajawahi kuwekwa chini ya ulinzi na mtu aliyemhurumia kiasi kile. Walishuka pamoja kuelekea sokoni kutafuta chai, na njiani sajini alimweleza mgeni mambo ya nchi yake kwa fahari ya mtu anayeonyesha picha za harusi.

Alama ya Mafigani ni kitambaa cheupe chenye mafiga matatu meusi, na katikati yake ulimi mwekundu wa moto. Ni alama ya taifa na ni alama ya ibada. Wenyeji hawajawahi kuona haja ya kuvitenganisha. Kila nyumba huitundika juu ya mlango. Watoto huzaliwa chini yake, viapo huapwa chini yake, na maiti hupitishwa chini yake mara ya mwisho. Waliipenda mno, na kwa kuwa waliipenda mno waliichapa kila mahali: kwenye karatasi za mkate, kwenye magunia ya mkaa, kwenye masanduku ya sabuni, hata kwenye viberiti. Ukitaka kuwasha moto Mafigani unakifunika kiberiti kwa mkono wa kushoto, ili Alama isione.

"Na ikichakaa?" aliuliza Fundi Pazi. Yeye ni mtu wa vitu vilivyochakaa, swali lilimtoka lenyewe.

Sajini alipangusa pua. "Zamani ilikuwa inapelekwa kwa Bi Sikudhani. Ukoo wao ndio waliokuwa wakiichoma. Unampelekea kitambaa chako kimechoka, yeye anakiweka kwenye mafiga yake, na wakati kinaungua wewe unamweleza yote yaliyotokea chini yake. Majivu anayachanganya na gundi ya mti, na kwa wino huo anakuchorea mafiga ya kitambaa kipya. Kwa hiyo kitambaa cha babu kilikuwamo ndani ya cha baba, na cha baba ndani ya changu."

"Zamani ndiyo lini?"

"Miaka saba iliyopita. Kabla ya sheria."

Sheria ilikuja hivi. Bwana mmoja alisimama kwenye ngazi za Baraza adhuhuri ya siku ya soko, akakichoma kitambaa mbele ya watu wote kwa hasira. Watu walilia. Si kilio cha kujionyesha. Akina mama walikaa chini barabarani.

"Mimi nililia, fundi," alisema Sajini Ngwali. "Ilikuwa kama mtu amempiga mama yangu kofi hadharani."

"Na yule bwana alikuwa analalamikia nini?"

Sajini alisimama katikati ya njia. "Unajua," alisema, "hakuna aliyekumbuka kumuuliza."

Jioni ileile, machozi hayajakauka, Baraza lilipitisha sheria kwamba mtu yeyote asiichome, asiiunguze, asiibabue wala asiiteketeze Alama, kwa nia yoyote ile. Hayo maneno ya mwisho yaliongezwa na mjumbe mmoja aliyetaka kuwa makini na kuwahi nyumbani. Kesho yake Bi Sikudhani alipata barua ya kumtaka aache kazi ya ukoo wake, na vitambaa vilivyochorwa kwa wino wa makopo vikaanza kuagizwa kutoka nje.

Tangu hapo Alama haifi. Karatasi za mkate hazichomwi. Vitambaa vilivyoraruka havichomwi. Kila nyumba ya Mafigani ina chumba kimoja kinachoitwa Chumba cha Mapumziko, ambamo Alama zilizochoka hupumzika zikiwa zimepangwa mpaka darini, na wenye nyumba hulala ukumbini. Hakimu mwenyewe, Mzee Mwinshehe, alikuwa na mwaka wa tatu analala kwenye kiti, na vumbi la chumba chake lilikuwa limempa mafua yasiyopona. Baraza nalo halikukosa kazi. Lilijadili msimu mzima kama alama ya pasi ni kuunguza au ni kubabua. Lilikaa siku tisa kumjadili mtu aliyeota ndoto ameichoma, na likaamua kwamba ndoto za namna hiyo zipelekwe kwanza kituoni kabla ya kusimuliwa nyumbani.

"Na mafiga yenyewe?" aliuliza Fundi Pazi. "Haya mawe ya jikoni. Mtu akiyapiga teke?"

"Mafiga ni mawe tu, fundi," alisema sajini kwa upole, kama anavyosemeshwa mtu aliyetoka mbali. "Alama ni picha."

Kisha, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuzoeana, sajini aliuliza na yeye la kwake. Hiyo kazi ya kuchomea ilikuwa ni nini hasa? Fundi Pazi alimweleza: unachukua vyuma viwili vilivyoachana, unavisogeza, unavitia moto mahali palepale vilipoachana, vinashikana.

"Vinashikana kwa moto?"

"Kwa moto. Na hapo ndipo panapokuwa pagumu kuliko kwingine kote."

Sajini alitikisa kichwa. Alisema lugha yao haina neno hilo, na kama lingekuwapo, Kikosi kisingelipenda.

Sokoni walikuta vitumbua, walikuta chai ya tangawizi, na walikuta mzigo mpya wa vitambaa umefika kutoka nje. Wanunuzi walikuwa wamejipanga. Manyunyu yalikuwa hayajakatika, na Fundi Pazi, kikombe mkononi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba mafiga kwenye vile vitambaa yalikuwa yanatiririka. Weusi ulishuka taratibu kwenye weupe, ukadondoka kwenye matope, na watu waliokuwa kwenye foleni wakajifanya wanatazama mawingu.

Mwanamke mmoja mrefu, mkavu, aliyevaa kanga mbili zilizofuliwa mpaka zikapauka, hakutazama mawingu. Alichukua kitambaa chake alichokwisha kukinunua, akakiinua juu ili kila mtu akione kinavyolia, kisha akakitia kwenye jiko la muuza mahindi.

"Hiki si cha kwetu!" alisema kwa sauti ya kusikika soko zima. "Hakuna mtu ndani yake! Nani yumo humu? Hebu mnionyeshe nani yumo!"

Kitambaa kilishika moto upande mmoja tu, kwa sababu ya unyevu, na moshi wake ulikuwa mchungu. Watu walirudi nyuma. Mmoja hakurudi. Alikuwa Bwana Heri, muuza mikeka, mtu wa makamo ambaye hajawahi kugombana na mtu. Alibaki hatua tatu kutoka kwa yule mama, macho yamemwiva, midomo inacheza bila kutoa neno. Kisha akageuka, akapiga ukelele: "Sajini!"

Sajini Ngwali alikuwa ameshika kitumbua. Alikiweka chini kwa uangalifu, na Fundi Pazi akamwona anavyobadilika rangi.

"Unamfahamu?" aliuliza.

"Ndiye Bi Sikudhani," alisema sajini. "Mama mkwe wangu."

Inafaa msomaji ajue kwamba Mafigani mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, na jikoni kwake hakanyagi hata nyumba ikiungua. Sajini alimkamata mama mkwe wake huku akitazama viatu vyake mwenyewe. "Shikamoo mama," alisema. "Tafadhali naomba unifuate, kama hutajali." "Marahaba, baba," alisema Bi Sikudhani. "Twende, usije ukaonekana mzembe kazini." Akatangulia yeye. Sajini alimfuata nyuma, na Bwana Heri akafuata nyuma ya sajini, na Fundi Pazi naye hakuachwa, kwa sababu sheria ilikuwa imekwisha kumkamata bila yeye kujua.

Sheria ya Mafigani inasema kesi ya moto lazima iwe na Shahidi Mgeni. Wenyeji wote wana moyo upande mmoja au mwingine, kwa hiyo macho yao hayaaminiki. Anatakiwa mtu asiyekuwa na upande aseme alichokiona kwenye moto, kama ni heshima au ni dharau. Kosa ni kosa kwa vyovyote, ila dharau ina nyongeza ya adhabu: kufukuzwa nchini. Heshima ina adhabu moja tu, ile ya kuzimiwa moto.

Fundi Pazi alidhani kuzimiwa moto ni jambo dogo, mpaka alipoelezwa. Polisi huja na ndoo ya maji na kuzima mafiga ya mkosaji, na baada ya hapo hakuna jirani anayeruhusiwa kumpa kaa. Moto wa Bi Sikudhani ulikuwa haujazimika tangu enzi za bibi mzaa bibi yake. Usiku ulifunikwa majivu, asubuhi ukafufuliwa, na mtaa mzima ulichukua makaa kwake kila alfajiri. Yule mama hakuwa na kingine alichokirithi.

Alasiri ile, kituoni, sajini alimvuta mgeni pembeni. Alimwongezea chai bila kuulizwa.

"Fundi, kesho sema heshima. Neno moja tu. Mimi nimekula wali wa mikono yake miaka kumi na minne, unaletwa kwangu umefunikwa. Nikimpeleka mpakani mke wangu ataniangalia vipi? Na nikienda kumzimia moto..." Hakumaliza. Pua yake ilikuwa imelowa.

Bi Sikudhani aliwasikia kutoka mahabusu alimofungiwa, maana mahabusu ya Mafigani haina mlango wa maana. Nusu yake imejaa vielelezo vya kesi za zamani, na yeye alikuwa amekaa juu ya rundo la karatasi za mkate. "Mgeni," aliita. "Usidanganye kwa ajili yangu. Uongo ukiingia kwenye daftari lao hautoki, utakaa kama hizi karatasi."

Asubuhi mahakama ilijaa. Hakimu Mwinshehe aliingia akipiga chafya, akaketi, akapiga chafya tena. Alikuwa mzee mdogo wa umbo, na alisoma mashtaka kwa jicho moja, la pili likiwa linatoa machozi ya mafua.

Alimuuliza kwanza Bwana Heri kama alimwona mshtakiwa akichoma. Alimwona. Alimuuliza kama ilimuuma.

"Inaniuma mpaka sasa, mheshimiwa," alisema Bwana Heri. "Mama yangu alifia chini ya kitambaa kama kile. Mimi si mtu wa makuu. Naipenda Alama tu, na sikutaka kuiona inafanywa vile. Tena na yeye. Angekuwa mtu mwingine ningesema ni mlevi."

Hapakuwa na mtu aliyecheka. Hakimu alimtazama kwa huruma, na Fundi Pazi naye alimhurumia, maana maumivu ya yule bwana hayakuwa ya kubuni.

"Shahidi Mgeni," alisema hakimu. "Wewe huna upande. Kwenye ule moto uliona heshima au uliona dharau?"

Nyuma yake sajini alikohoa. Fundi Pazi alilitafuta lile neno moja, akalipata, likawa tayari kabisa ulimini. Akamtazama Bi Sikudhani, na Bi Sikudhani akamtazama kwa jicho ambalo mwalimu humtazamia mwanafunzi anayetaka kuchungulia majibu.

"Niliona hasira, mheshimiwa," alisema.

Mahakama ilinong'ona. Karani alinyanyua daftari. "Hasira haina safu," alilalamika. "Kuna safu ya heshima na safu ya dharau."

"Basi mimi sijui pa kuiweka," alisema Fundi Pazi. "Mimi ni fundi wa mageti. Nimetengeneza mageti mengi yaliyopigwa mateke mpaka yakapinda. Mara ya kwanza nikadhani ni kazi ya wezi. Sivyo. Mwizi hapigi geti teke. Mwizi analifungua taratibu, analipaka na mafuta lisilie. Anayelipiga teke ni mwenye nyumba aliyefungiwa nje."

Hakimu alijifuta jicho. Halafu akamgeukia mshtakiwa, akamuuliza kama ana la kusema.

"Ninalo," alisema Bi Sikudhani, akasimama. "Mgeni amesema kweli, nilikuwa na hasira. Na nilitaka watu waone. Miaka saba nimenyamaza. Kila nikifungua mdomo naambiwa, shh, mama, polisi. Jana nikasema potelea mbali. Nilitaka mtu mmoja tu aje aniambie, wewe mama una wazimu? Nami nimjibu. Heri alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, machozi yanamlengalenga. Nikasema, huyu sasa, huyu atanigombeza. Angenigombeza ningemjibu, pengine ningelia, pengine angelia, tungemalizana palepale. Yeye akaniitia Ngwali!"

"Sikuwa na maneno," alisema Bwana Heri kwa sauti ndogo.

"Ungeyatafuta!"

"Utulivu," alisema hakimu, lakini hakupiga meza. "Bwana Heri. Nikimzimia mama huyu moto, maumivu yako yatapoa?"

Bwana Heri aligusa kifua chake, upande ambao shati lilikuwa limevimba kidogo, akainamisha kichwa.

Mzee Mwinshehe alijifuta pua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mimi nimekula kiapo kuifuata sheria," alisema, "na sheria inasema kwa nia yoyote ile. Bi Sikudhani, umechoma, una hatia. Dharau haikuthibitika, hufukuzwi. Karani, andika adhabu, na uandike ninavyotamka. Maji ya ndoo moja yawekwe juu ya mafiga yake, leo kabla ya alasiri, mbele ya mlalamikaji na mbele ya Shahidi Mgeni. Umeandikaje hapo?"

"Yamwagwe, mheshimiwa. Ndivyo huwa tunaandika."

"Futa. Fungua sheria yenyewe uisome. Yawekwe. Juu ya mafiga. Sajini utaisoma amri hii kwa sauti kabla ya kuitekeleza, na utaielewa." Akapiga chafya kubwa kuelekea upande wa sajini, akaondoka zake.

Sajini hakuelewa. Alitembea na ndoo yake mpaka mtaa wa Bi Sikudhani kama mtu anayekwenda kunyongwa, na majirani walisimama milangoni bila kusalimia. Bi Sikudhani alikuwa amekwisha kufika. Walimkuta amechuchumaa jikoni. Mafiga matatu yalikuwa pale, makubwa, meusi kwa vizazi vya masizi, na katikati yake moto mdogo, mwekundu, usio na haraka. Juu yake alikuwa ameteleka chungu.

"Kunde zimo," alisema bila kugeuka, "bado maji tu. Nilisema kama moto wangu unakufa leo, ufe ukiwa kazini. Naona maji mmekuja nayo wenyewe."

Sajini Ngwali alisimama kizingitini. Mguu wake ulikataa kuvuka. Miaka kumi na minne hajawahi kukanyaga pale, na sasa aliletwa na ndoo. Kwa kuwa hakujua afanye nini, akaisoma amri. Akaisoma mara ya pili. Mara ya tatu alipofika katikati alinyamaza, na pua yake ikatanuka kama vile amenusa kitu.

"Mama," alisema, akitazama kizingiti. "Hicho chungu kiko wapi?"

"Una macho."

"Macho yangu yako chini, mama, unajua. Nakuuliza kwa ajili ya daftari. Kiko juu ya mafiga?"

"Kiko juu ya mafiga, baba, ulitaka kiwe wapi? Kichwani?"

Sajini Ngwali alivuka kizingiti. Alipiga hatua nne, akainua ndoo ya serikali kwa mikono miwili, akaimimina kwenye chungu cha kunde polepole, mpaka tone la mwisho, bila kudondosha hata moja kwenye moto. Kisha akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, jasho linamtoka. "Maji yamewekwa," alitangaza, "juu ya mafiga." Nje mtu mmoja alicheka kwa kwikwi, akanyamazishwa.

Ilibaki jambo moja. Amri haikamiliki mpaka mlalamikaji atamke kwamba ameridhika. Macho yote yakamwendea Bwana Heri, aliyesimama karibu na ukuta. Angeweza kusema hapana. Angeweza kurudi mahakamani na kudai maji yamwagwe kama ilivyo desturi, na pale jikoni hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumzuia.

Bwana Heri aliingiza mkono ndani ya shati. Akatoa kitambaa kilichokunjwa kidogo sana, cha manjano kwa uzee, ambacho mafiga yake yalikuwa bado meusi tititi.

"Cha mama," alisema. "Alikufa siku tatu baada ya sheria. Nilikuwa nakuja kwako, Bi Sikudhani. Nilikuwa njiani kabisa nilipoambiwa huruhusiwi tena. Miaka saba nakaa nacho, sijui nikiweke wapi, hata kwenye Chumba cha Mapumziko sikuweza kumtupia mama mle pamoja na makaratasi ya mkate. Halafu jana ukachoma. Ulichoma kile cha makopo, na cha mama yangu kipo." Alikuwa analia waziwazi. "Nichomee."

Watu wote wakamtazama sajini, maana pua yake ilijulikana nchi nzima. Hakuna kitambaa kilichowahi kuungua Mafigani asikisikie. Sajini alitazama dari.

"Nina mafua," alisema. "Hakimu ameniambukiza. Tangu asubuhi sisikii harufu ya kitu."

Bi Sikudhani alikipokea kitambaa kwa mikono miwili, lakini hakukitia motoni. "Kwanza nigombeze," alisema. "Nina haki yangu ya jana."

Bwana Heri alijipangusa macho. Akavuta pumzi. "Wewe mama," alisema, "una wazimu? Unachoma Alama sokoni, mbele ya watoto, na mvua inanyesha, na wewe ndiye tuliyekuwa tunakutegemea! Umenitia uchungu mimi! Umenitia uchungu!"

"Nimekutia uchungu," alisema Bi Sikudhani. "Na mimi nilikuwa nao. Kaa hapa. Sogeza hicho kigoda. Sasa nieleze, nini kilitokea chini ya kitambaa hiki, na usinirukie kitu."

Akakiweka motoni. Bwana Heri akaanza na siku aliyozaliwa yeye mwenyewe, akafuatia na mahari ya dada yake, na kipofu mmoja aliyekuja kuomba maji akakaa nao mwezi mzima, na Bi Sikudhani akawa anaitikia, anauliza, anamkosoa tarehe. Majirani waliingia mmoja mmoja. Kunde zilianza kuchemka. Majivu yaliposhuka aliyakusanya kwa kifuu, bila kupoteza hata chembe.

Mlangoni Sajini Ngwali alifungua daftari, maana kazi ni kazi. Alimsogelea Fundi Pazi, kalamu ikiwa tayari. "Shahidi Mgeni anatakiwa kusema alichokiona jikoni," alisema. "Kwa kifupi. Mahali penyewe padogo."

Fundi Pazi alivua miwani yake myeusi shingoni, akaipangusa. Aliwatazama wale wawili waliokaa pande mbili za moto, vichwa vimekaribiana.

"Andika, mama anachomea."

Sajini Ngwali aliandika herufi moja baada ya nyingine, kwa mwandiko wake mzuri, na hakuuliza anachomea nini.